Mbuzi wa kamba: tulivyotafuta gari la kuvuta nyuma ya motahomu

Julai 2022 tuliishiwa maziwa. Tulikuwa kambini karibu na mji wa Custer, South Dakota, mimi, mume wangu na mabinti zetu wawili, ndani ya motahomu ya futi 31 tuliyoinunua mwaka mmoja kabla. Asiyewahi kulala kwenye motahomu atauliza, si mngekwenda dukani tu? Twende na nini? Nyumba ndiyo gari, gari ndilo nyumba. Ili tufike dukani ilibidi tuchomoe umeme, tufunge maji, tuvue bomba la maji machafu (kazi ambayo kwetu kila mtu huwa na udhuru), turudishe ndani kile chumba kinachotokeza ubavuni, tushushe vyombo vya juu, birika liingie kwenye sinki, na binti mdogo apakate chupa ya mafuta ya kupikia kwa sababu kifuniko chake kilikuwa kimepotea. Tukaenda na nyumba nzima, tukaziba nafasi za magari matano, tukanunua galoni moja ya maziwa. Toka kuondoka mpaka kurudi na kuchomeka kila kitu upya, saa moja na nusu. Mume wangu alikunywa chai ile bila kusema neno.

Kesho yake iliniuma zaidi. Ndani ya hifadhi ya Custer kuna barabara ya Needles, ile namba 87, inayopita katikati ya miamba iliyochongoka kama sindano. Njiani kuna tundu limetobolewa kwenye jabali, upana wake futi 8. Motahomu yetu peke yake, bila kuhesabu vioo, inazidi hapo. Tukaishia kwenye kibao cha onyo. Safari ya maili kama 600 kutoka Minneapolis, na mabinti wakaziona sindano zenyewe kwenye kadi za posta.

Jioni ile nikatembea kambini nikihesabu. Karibu kila motahomu ilikuwa na kigari chake pembeni. Wenyewe wanakivuta nyuma, wakifika wanakifungua, nyumba inabaki imetulia na wao wanazurura. Wamarekani wanakiita chura, maana neno lao la kitu kinachovutwa linatamkwa sawasawa na neno lao la chura. Mume wangu alipoona la kwanza limefungwa nyuma ya basi kubwa, matairi yote manne chini, linafuata tu, akasema: “Mama, si kama mbuzi anayepelekwa mnadani?” Jina likabaki. Nyumbani kwetu ni mbuzi mpaka leo.

Sasa, mume wangu ameendesha malori makubwa hapa Marekani kwa miaka 16. Ukimwambia habari ya kuvuta kitu, unamwambia samaki habari ya maji. Kwa hiyo tulivyorudi Minneapolis, kutafuta mbuzi lilikuwa jambo lake, na jibu alikuwa nalo kabla ya swali: Toyota. Sisi tuliotoka Tanga, Toyota kwetu ni imani. Daladala Toyota, teksi Toyota, gari lililompeleka mama yangu hospitali ya Bombo Toyota, na gari lililombeba kumrudisha kijijini Toyota. Kaka mmoja tunayesali naye alikuwa anauza RAV4 yake, safi, injini haitoi hata jasho, dola 8,500 kwa sababu “ninyi ni ndugu zangu, shemeji.” Tulikuwa tumeshapanga siku ya kupeleka hela.

Kilichotuokoa ni zamu ya usiku. Mimi ni muuguzi, na kuna saa za usiku, wagonjwa wakilala, ambapo ukikaa bila kusoma kitu unasinzia. Vitabu vya magari, vile vinavyokaa kwenye kidroo cha dashibodi na hakuna anayevifungua, viko mtandaoni bure, kwenye kurasa za watengenezaji wenyewe. Nikatafuta cha RAV4 ya mwaka ule. Kuna sehemu inahusu kuvuta gari kwa matembezi nyuma ya motahomu. Maneno yake hayakuhitaji tafsiri: usilivute gari hili matairi manne yakiwa chini. Nikatafuta Corolla ya otomatiki, vilevile. Camry, vilevile. Toyota za otomatiki kwa ujumla wimbo wao ni mmoja.

Nilipomwambia mume wangu asubuhi, alicheka. “Si unaweka nyutro tu? Mbona gari likiharibika linavutwa?”

Hilo ndilo swali la kila mtu, na mimi sikuwa na jibu, nilikuwa na kitabu tu. Jibu nililipata kwa fundi wetu wa giaboksi, mzee wa Kimeksiko ambaye huwa anaongea huku akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alichukua giaboksi iliyofunguliwa juu ya meza yake akatuonyesha. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna pampu ya mafuta. Pampu hiyo inazungushwa na injini, si na matairi. Injini ikizimwa, pampu inalala. Lakini matairi yakizunguka barabarani yanazungusha shafti za upande wa nje wa giaboksi, nyutro au si nyutro. Nyutro inakata mkono kati ya injini na matairi. Haizuii shafti isizunguke. Kwa hiyo una vyuma vinavyokimbia maili 60 kwa saa bila tone la mafuta kuletwa, kama mashine ya kusaga iliyokaukiwa grisi. Maili moja mbili mpaka gereji litavumilia. Maili 300, giaboksi inaungua na wewe huko mbele unasikiliza redio, hujui, kwa sababu hakuna taa ya dashibodi inayowaka kwenye gari lisilo na dereva.

Mume wangu akaguna. Kwenye lori lake giaboksi ilikuwa ya mkono, na hata hilo, akakiri, likivutwa mbali huwa wanafungua propela shafti kwanza. Alikuwa analijua jambo lenyewe siku zote, ila hakuwahi kulihusisha na kigari.

RAV4 ya kaka yetu tukaiacha. Alikasirika kidogo, akaona tumemkimbia kwa ajili ya bei. Ukweli ni kwamba gari lake lilikuwa bora kuliko tulilonunua. Halikuwa mbuzi tu.

Labda niseme hapa kwamba ziko njia mbili nyingine. Unaweza kulipandisha gari zima juu ya trela, na hapo hata Toyota inakwenda, au unaweza kutumia kitoroli kinachonyanyua matairi ya mbele tu, ambacho kwa gari linalosukumwa na matairi ya mbele kinatosha. Tulivitazama vyote viwili. Trela ni zito na bei yake ni ya gari la pili. Kitoroli ni rahisi kununua, lakini ukifika kambini unacho kitu kingine cha magurudumu mawili kinachohitaji mahali pa kulala, na makambi mengi nafasi ni finyu. Halafu kufunga mikanda ya matairi kwenye mvua, magoti yakiwa kwenye tope, na mimi ndiye ninayejua nani atakuwa amepiga magoti. Tukarudi kwenye matairi manne chini.

Basi nikaanza kusoma vitabu kama mtu anayejiandaa na mtihani. Magari yanayokubali ni machache, na yanakubali kwa sababu tofauti. Jeep Wrangler ndiyo mfalme wao. Utaziona kila kambi. Ina kisanduku cha pili baada ya giaboksi, kinachogawa nguvu mbele na nyuma, na hicho kina nyutro yake chenyewe. Ukikiweka nyutro, matairi yanakuwa huru kabisa na giaboksi, na giaboksi yenyewe unaiacha kwenye P imetulia. Safi sana. Ila Wrangler inajua thamani yake. Zile za mwaka tuliokuwa tunautafuta, zenye maili nyingi kuliko tulizotaka, hazikushuka chini ya dola 18,000, na ile ya milango minne ina uzito wa zaidi ya pauni 4,000. Magari mengi madogo ya gia za mkono nayo yanavutika, ingawa si yote, na bei zake ni nzuri kwa sababu Wamarekani hawajui klachi. Tatizo mabinti zangu nao ni Wamarekani. Mkubwa alikuwa karibu kuchukua leseni, nikamuuliza kama anaweza kujifunza gia za mkono, akaniangalia kama nimemwambia ajifunze kukama ng’ombe. Chevrolet Equinox ya otomatiki ilikuwa kwenye orodha. Honda Fit ya 2009 mpaka 2013 ilikuwa kwenye orodha, nyepesi, pauni kama 2,500, na kwa wastaafu wawili naona hiyo ndiyo akili. Kwa watu wanne na friji ya barafu, hapana.

Iliyobaki ni Honda CR-V. Na hapa ndipo mtu anaweza kupigwa akiwa macho wazi.

CR-V ya 2012, 2013 na 2014 inaruhusiwa kuvutwa matairi manne chini. Ya 2015 hairuhusiwi. Ukiziegesha pamoja, mtu asiyezijua ataona mtu na mdogo wake: mwili uleule, milango ileile, taa za mbele tu zimebadilika kidogo. Lililobadilika kweli halionekani. Mpaka 2014 ilikuwa na otomatiki ya gia tano, ya namna ya Honda wenyewe, ambayo shafti zake zinapozungushwa na matairi zinajipaka mafuta. Mwaka 2015 wakaweka giaboksi isiyo na gia, ile ya mkanda wa chuma na puli, inayotaka mgandamizo wa mafuta muda wote. Mwaka mmoja tu.

Machi 2023 tukaenda yadi moja ya magari yaliyotumika kuona CR-V iliyotangazwa kuwa ya 2014. Muuzaji alikuwa kijana wa Kikenya, mchangamfu, akatupokea kwa Kiswahili mara tu aliposikia tunasemezana. “Karibuni mama, karibu mzee. Hiyo gari iko sawa kabisa, nimei-drive mwenyewe.” Nikamwambia tunataka ya kuvuta nyuma ya motahomu. “Hakuna shida, mama. CR-V zote zinavutwa. Unaweka tu free.”

Mume wangu alikuwa chini anaangalia kama kuna mafuta yanavuja. Mimi nikaingia ndani, nikafungua kidroo. Kitabu kilikuwepo, bado kwenye mfuko wake wa plastiki. Juu kimeandikwa 2015. Nikageuza kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva: limetengenezwa Oktoba 2014. Hapo ndipo tangazo lilipopata mwaka wake. Gari linatoka kiwandani mwishoni mwa mwaka lakini linahesabiwa la mwaka unaofuata. Nikafungua ukurasa wa kuvuta, nikaweka kidole kwenye mstari, nikamwita kijana. Akasoma. Akasoma tena. Sidhani alikuwa anatudanganya. Nadhani hakuwahi kukutana na mteja aliyefungua kile kitabu. “Aki mama,” akasema, “hii sikujua.”

Kuanzia siku ile nilikuwa natembea na sheria moja: sinunui kwa tangazo, wala kwa neno la muuzaji, wala kwa shemeji aliyewahi kuvuta “kama hilohilo.” Kitabu cha mwaka uleule, na injini ileile na giaboksi ileile.

Wiki tatu baadaye tukapata ya 2013 kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, maili 121,000, dola 10,900. Rangi ya kijivu, kiti cha nyuma kina alama ya kiti cha mtoto, mlango wa dereva umekwaruzwa. Mume wangu alizunguka mara tatu akitafuta sababu ya kupunguza bei, akapata dola 200 za mkwaruzo.

Uzito tulikuwa tumeshaumaliza kabla. Motahomu yetu imekaa juu ya chasisi ya Ford E-450, na kibandiko kinasema ikijaa kabisa isizidi pauni 14,500, na ikiwa na inachokivuta kwa pamoja isizidi 22,000. Tuliipeleka kwenye mzani wa malori ikiwa na maji, nguo na watoto: 13,600. Kwa hesabu hiyo mtu angesema tuna nafasi ya pauni 8,400. Lakini chuma cha nyuma ya motahomu kinachoshika gari linalovutwa kina kibandiko chake, kinasema 5,000, kama kilo 2,270. Unafuata kilicho kidogo. CR-V na vitu vyake ni kama 3,500. Tukaendelea.

Nilichokosea mimi, na hapa sina wa kumlaumu, ni hela. Nilikuwa nimeweka akilini dola 11,000 nikidhani ndiyo bei ya mbuzi. Ile ilikuwa bei ya gari. Mbuzi anahitaji kamba. Kwanza bamba la chuma linalofungwa kwenye chasisi ya gari nyuma ya bampa ya mbele, limetengenezwa kwa ajili ya gari hilo na mwaka huo tu: dola 520. Kisha chuma cha kuvutia chenyewe, chenye umbo la herufi A na mikono inayorefuka na kufupika. Waswahili wa huku tunakiita tobaa, na mume wangu anasema jina limekaa vizuri kwa kuwa ukishakilipia unatubu. Kipya kilikuwa zaidi ya dola elfu moja. Tukapata kilichotumika kwa 450. Nyaya za taa, ili breki na indiketa za motahomu ziwake pia nyuma ya gari, pamoja na diodi zinazozuia umeme usirudi ulikotoka: 130. Fundi wa kufunga yote hayo, ambaye alilazimika kuvua bampa nzima: 900. Na breki.

Breki ndiyo watu wanajaribu kuikwepa. Wanasema motahomu ni kubwa, itasimamisha vyote. Mume wangu hakubishana hata kidogo, na kwa hilo nilimshukuru Mungu kwamba nimeolewa na dereva wa lori. Pauni 3,500 zinazokusukuma kutoka nyuma kwenye mteremko wa mlima si jambo la kusimuliwa. Tena majimbo mengi yanadai kinachovutwa chenye uzito kama huo kiwe na breki zake. Tulinunua kisanduku kilichotumika, dola 600. Unakiweka sakafuni mbele ya kiti cha dereva wa gari linalovutwa, mkono wake unashika pedali, na motahomu ikipunguza mwendo kinahisi na kukanyaga. Kuna na waya mwembamba unaounganishwa na motahomu: kamba ikikatika, pini inachomoka, kisanduku kinakanyaga mpaka mwisho. Mara ya kwanza kukiona kikikanyaga peke yake ndani ya gari lisilo na mtu, binti mdogo alipiga kelele.

Jumla ya kamba, dola 2,600. Kama ningeijua hesabu hii mapema, pengine tungelinunua la bei ndogo zaidi, au pengine tungesubiri mwaka. Usinunue gari kwanza halafu uulize bei ya bamba.

Juni tukaondoka. Kufunga mbuzi kuna taratibu zake, na kwa CR-V ni kama swala, ukiruka hatua unaanza upya. Tobaa inapachikwa, pini mbili, klipu mbili, kamba mbili za usalama zipite kwa mkasi chini yake, waya wa taa, waya wa breki. Kisha mimi naingia kwenye gari. Nawasha injini. Nakanyaga breki, naipitisha gia kwenye nafasi zote, naiweka D, nahesabu sekunde tano, naipeleka N. Injini iachwe inanguruma dakika tatu. Dakika tatu ni ndefu kuliko unavyodhani. Ndipo ninapomtumia dada yangu wa Tanga ujumbe. Nazima, lakini ufunguo siutoi, naurudisha kwenye nafasi ya kwanza ili usukani usijifunge, maana matairi ya mbele lazima yawe huru kufuata kona. Naachia hendibreki. Naigusa tena hendibreki. Natoka, nafunga kwa ufunguo wa akiba, halafu nakumbuka hendibreki na kurudi kuitazama kupitia dirishani. Safari ikizidi saa nane kwa siku, kitabu kinataka mzunguko ule wa gia urudiwe.

Kosa la kwanza lilikuwa la betri. Ufunguo ukiwa nafasi ya kwanza kuna vitu vinakula umeme, na kile kisanduku nacho kinakula. Tulifika Mitchell jioni, mume wangu akaingia kwenye gari kwa mbwembwe ili twende tukaone lile jengo lililopambwa kwa mahindi, akageuza ufunguo: tik. Mbuzi amekufa. Tukaunganisha nyaya kutoka kwenye motahomu, tukaenda. Dawa yake ni waya mmoja wa ziada kutoka motahomu kulisha betri ya gari njiani; kazi ya chini ya dola 100 ambayo fundi aliniuliza kama nataka na mimi, kwa kubana matumizi, nikasema hapana.

Kosa la pili ni la bwana mkubwa. Kuna kituo kimoja cha mafuta, mahali fulani magharibi ya mto Missouri, ambacho ukiingia upande wa pampu za nyuma hakina pa kutokea. Kuna ukuta. Kibao kipo, sisi hatukukiona. Nikamwambia, “Baba, tufungue gari.” Kitu kimoja kilichoandikwa kila mahali, kwenye tobaa yenyewe, ni kwamba mbuzi harudishwi nyuma. Lakini pale kulikuwa na madereva wawili wa malori wamesimama wanakunywa kahawa, wanatutazama, na mtu aliyerudisha trela za futi 53 kwenye vichochoro vya Chicago hafungui kigari mbele ya madereva wenzake.

“Futi sita tu,” akasema.

Trela ina magurudumu nyuma yaliyonyooka. Ukisukuma, inakwenda unakoielekeza. Gari linalovutwa lina matairi ya mbele yanayogeuka yenyewe. Ukirudisha nyuma, matairi yale yanajikunja mpaka mwisho, upande anaoutaka shetani, na gari linaanza kuburuzwa ubavuni. Mimi niliyekuwa nje niliona tairi la kushoto limelala upande, linasugua lami, moshi mwembamba unapanda. Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka Wyoming. Akasimama. Tobaa ilikuwa imejikaza, mkono mmoja umepinda, na pini hazitoki kwa sababu uzito wote umezilalia. Wale madereva wawili waliweka kahawa zao chini. Mmoja akaleta nyundo ya shaba, mwingine akaingia kwenye CR-V akawa anauzungusha usukani taratibu huku mume wangu akisogeza motahomu mbele inchi kwa inchi, mpaka pini ikalegea na nyundo ikaimaliza. Hawakucheka. Hilo naamini ndilo lililomuumiza zaidi. Mkono mpya wa tobaa ulitugharimu dola 280 pale Rapid City, na tangu hapo tukiingia kituo chochote mimi natangulia kwa miguu.

Alhamisi saa moja asubuhi, kabla watu hawajawa wengi, tuliiacha motahomu kambini imechomekwa kila kitu, birika likiwa juu ya jiko lake, tukapanda mbuzi wetu mpaka barabara ya Needles. Pale kwenye tundu la jabali mume wangu alikunja vioo bila kulazimika, heshima tu. Mwamba ulipita karibu na dirisha la nyuma kiasi kwamba binti mdogo alitoa mkono akaugusa, wa baridi, umelowa. Tulipotokea upande wa pili tukarudi tukapita tena.

Tulirudi Minnesota kwa barabara ya 90. South Dakota inaruhusu maili 80 kwa saa pale. Kitabu cha CR-V kinasema likivutwa lisizidi 65. Mume wangu alikaa kwenye njia ya kulia, maili 62, mikono yote miwili kwenye usukani, na malori yakitupita moja baada ya jingine. Kila lililopita alilitaja kampuni yake, mwaka wake na aina ya injini. Karibu na Sioux Falls moja likapiga honi likitupita. Akaniuliza kama nimeona dereva alikuwa anacheka. Nikamwambia sikuona.